Mimi, Yeye na Pikipiki ya Silinda Moja

Ukitaka kumjua vizuri mtu uliyeoana naye, usihangaike kumpeleka ufukweni. Mwambie mkanunue pikipiki pamoja, kwa hela mliyoidunduliza wote wawili. Hapo utajua anawaza nini kuhusu pesa na anaogopa nini barabarani. Na kubwa kuliko yote, utajua kama kwenye hiyo ndoa anakuona wewe ni dereva au abiria.

Sisi tulifunga ndoa mwaka 2016. Mimi ni mhasibu, kazi yangu iko Nachingwea. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, kituo chake Ruangwa. Ukiangalia ramani ya mkoa wa Lindi utasema hawa ni majirani, maana katikati ni kama kilomita 50 hivi. Lakini enzi hizo zilikuwa kilomita 50 za vumbi, na Noah haiondoki mpaka ijae. Ijumaa mtu anafika usiku kachoka, Jumapili mchana anaanza kuangalia saa. Ndoa yetu ikawa ya Jumamosi. Tulikuwa tunataniana kwamba korosho za wilaya zetu zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, jina lililoungwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Yaani korosho zimeunganishwa, sisi wenye cheti cha ndoa tumeshindwa!

Basi tukaanza kuweka akiba. Mwanzoni mwa 2018 tulikuwa na milioni tatu na nusu. Ndugu wakatushauri tununue kiwanja kwanza. Tukakaa, tukajadili, tukaona kiwanja kinaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili. Ndoa ya Jumamosi haiwezi. Tukakubaliana pikipiki. Kumbe hapo ndipo ngoma ilipoanza.

KILA MTU NA PIKIPIKI YAKE KICHWANI

Mwenzangu alikuwa na ndoto ya tangu utotoni. Kijijini kwao mabwana shamba na watu wa miradi walikuwa wanapita na zile Honda XL na Yamaha DT: ndefu, tangi jembamba, madigadi ya mbele imenyanyuka juu ya tairi, kashata kama za trekta. Pikipiki ya lami na ya porini kwa pamoja. Mtoto wa kiume akikua na picha hiyo kichwani, utamwambia nini?

Mimi nilikuwa nataka Boxer. Fupi, bei inaeleweka, spea ziko hadi dukani kwa Mpemba, na kila fundi chini ya mwembe anaijua.

"Mke wangu, barabara zetu unazijua," akaniambia. "Mvua ikianza utanisukuma mpaka Ruangwa?"

"Mume wangu, mvua ni miezi mitano. Mwaka una miezi 12," nikamjibu. "Na hiyo ndefu yako, mimi nitaipandaje? Kwa ngazi?"

Akacheka, lakini hakujibu swali. Mimi nikaliweka akilini.

TUKACHUKUA KALAMU

Uhasibu una faida zake. Tulipoona tunazunguka mahali pamoja, nikachukua daftari nikamwambia, hebu tuache ushabiki, tuhesabu pikipiki hii itatembea wapi kwa mwezi.

Nachingwea hadi Ruangwa kwenda na kurudi mara nne: kilomita 400. Mizunguko ya mjini ya kila siku: 120. Masasi mara mbili, kwa mambo ya benki na manunuzi: 180. Halafu ile njia ya kwenda shamba la wakwe zangu, ambayo ndiyo porini kwelikweli, mchanga, visiki na mkondo wa maji: kilomita 7 kwenda, 7 kurudi, mara mbili kwa mwezi. Jumla 28.

Ukijumlisha zote unapata kilomita 728. Kwa lugha rahisi, katika kila kilomita 100 tutakazotembea, za porini hazifiki hata nne. Zilizobaki zote ni barabara. Sikatai, nyingine ni za udongo mwekundu, zina mashimo, na kiangazi zinajikunja kama bati la paa. Lakini ni barabara. Magari yanapita, malori yanapita, na sisi tutapita kwa mwendo wa barabarani.

Mwenzangu akaliangalia lile daftari muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nanunua pikipiki ya kilomita 28."

Wasomaji wa Dar na Arusha, nanyi fanyeni hesabu hii. Mtu anaishi Tabata, anafanya kazi Posta, lakini ananunua pikipiki ya kupandia Uluguru kwa sababu mara moja kwa mwaka ana mpango wa kwenda. Ile safari ya mara moja unaweza kukodi. Foleni ya kila asubuhi hakuna atakayekukalia.

SISI WA NACHINGWEA TUNAJUA

Tena sisi watu wa Nachingwea ndio tungepaswa kuwa walimu wa somo hili. Mji wetu ulikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Wakaleta matrekta, mengi yakiwa masalia ya jeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku. Kwa kifupi, mashine zilifika kabla ya watu kuuliza udongo ukoje na mvua inanyesha lini. Kule Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama saruji, ukatafuna majembe. Huku kwetu msitu ulikuwa mnene. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda na maji. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960, na ndiyo maana mimi na mume wangu tunahitaji pikipiki badala ya tiketi ya treni!

Uliza udongo kwanza, mashine baadaye.

KWA NINI SILINDA MOJA

Kwenye hili hatukugombana. Huku kwetu pikipiki karibu zote ni za silinda moja, na sababu zake ni za msingi. Pistoni moja, plagi moja, kabureta moja. Kikiharibika kitu, mahali pa kutafuta ni pachache. Injini inakuwa nyembamba na nyepesi, na inavuta vizuri hata ikiwa inazunguka polepole, jambo unalolihitaji ukiwa kwenye matope na mke wako yuko nyuma.

Ubaya wake ni mtetemo. Pistoni moja inapanda na kushuka bila mwenzake wa kuitulizia, kwa hiyo ukiikimbiza sana muda mrefu, mikono inakufa ganzi na boliti zinaanza kulegea. Pikipiki ya cc 125 au 150 ya namna hii inafurahi ukiwa kwenye 60 au 70. Ukiilazimisha 90 safari nzima, inakuchukia. Kwetu hiyo haikuwa shida. Tena ni kinga. Ukitoka 60 ukaenda 80, mwendo umeongeza theluthi moja tu, lakini umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha unakaribia kuwa mara mbili. Na kwenye barabara zetu mbuzi hapigi honi.

Baada ya hapo tukabaki na aina nne mezani.

Ya kwanza ni za lami kama Boxer. Magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, siti iko chini, mafuta kidogo. Kwenye lami na mjini huna la kusema. Ila gurudumu dogo likikutana na shimo linazama ndani yake, wakati gurudumu kubwa linapita juu. Kwa kilomita 50 za udongo wa wakati ule, mgongo ungetoa taarifa.

Ya pili ni zile za zamani zinazochoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha DT 125. Nyepesi, zina mshtuko mtamu, vijana wanazipenda. Lakini lazima kila wakati uwe na oili yake, petroli inakwenda, na moshi unabaki kwenye nguo zako za ofisini.

Ya tatu ni mpya kama Honda XR150L. Hii, kama mfuko wako unaruhusu na unatembea barabarani zaidi, iangalie vizuri. Injini ya cc 149 inayopozwa na upepo, breki ya diski mbele, gurudumu la mbele inchi 19 na la nyuma 17. Hiyo 19 ndiyo siri yake, maana iko katikati: si kubwa kama inchi 21 ya pikipiki za porini, ambayo ni nzuri kwenye mashimo lakini inageuka kwa uzito kwenye lami, na si ndogo kama ya Boxer. Bei yake ndiyo iliyotupungia mkono wa kwaheri.

Ya nne ni Honda XL 125 iliyotumika, ile ile ya utoto wa mume wangu. Mbele ina inchi 21, nyuma 18, injini haichanganyi oili na petroli, na mafundi wa huku wamezizoea tangu zamani. Hapo mwenzangu akaanza kutabasamu. Mimi nikamkumbusha lile swali langu.

UREFU SI JAMBO DOGO

Mimi nina futi tano na inchi moja. Mume wangu ni mrefu, akisimama mlangoni anainama. Pikipiki nyingi za lami na porini, siti yake iko zaidi ya sentimita 80 kutoka chini. Ukikaa, vidole vinagusa kidogo, au havigusi kabisa. Mwenye miguu mirefu haoni shida. Mfupi, akisimama kwenye kokoto na pikipiki ikaegemea upande mmoja, ameanguka nayo.

Wapo wanaosema mwanamke si lazima aendeshe, atabebwa. Mama mkwe wangu, ambaye ninampenda na kumheshimu, naye aliniita pembeni. "Mwanangu, pikipiki ni ya baba. Wewe utakaa nyuma, utulie." Nikamjibu kwa adabu, "Sawa mama, lakini baba akiugua Ruangwa, nani ataniendesha?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mjifunze wote."

Usiku huo nilimwambia mume wangu kwa utaratibu, bila ugomvi. Nusu na zaidi ya akiba ile ilikuwa yangu, lakini hoja yangu haikuwa pesa. Pikipiki nisiyoweza kuisimamisha kwa miguu yangu ni pikipiki yake, na mimi nitakuwa abiria wake maisha yote. Yeye atakuja anapotaka, mimi nitasubiri. Sikuolewa ili nisubiri. Alikaa kimya. Halafu akasema neno ambalo nalikumbuka hadi leo: "Basi tutafute ambayo mfupi anaiweza. Mrefu hana shida na pikipiki fupi, anakunja magoti tu."

Wanaume mnaosoma, mmesikia?

SIKU YA KUNUNUA

Msimu wa korosho wa 2017 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Si unajua tena watu wakishika hela! Maduka ya pikipiki yalikuwa yanauza kama njugu, na bei za zilizotumika nazo zikapanda. Sisi tukatulia. Kufikia Aprili 2018 furaha ilikuwa imeisha mifukoni, watu wakaanza kuuza walichonunua Desemba. Wa huku tunaelewa: pikipiki inunuliwe korosho zikiwa bado ziko kwenye maua au zikiwa zimeshaliwa.

Tuliipata Honda XL ya cc 125 iliyokuwa ya mradi, mwenyewe akiwa mstaafu anayehama. Tulikwenda wawili na fundi wetu. Fundi alifika kabla injini haijawashwa, akaigusa kuhakikisha ni ya baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huwa inaficha ugonjwa. Akapiga kiki. Akaangalia moshi: ukiwa wa bluu, inakula oili. Akashika tairi la mbele akalitikisa kushoto na kulia kusikiliza beringi. Akavuta cheni nyuma ya sproketi kubwa kuona kama inaachia meno. Akasoma namba ya chesisi na ya injini, akazilinganisha na kadi.

Mimi kazi yangu ilikuwa karatasi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wanaumia. Pikipiki nyingi nzuri zilizotumika huku kusini zilikuwa za miradi ya wafadhili, zenye namba za DFP, na ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Zikiuzwa kwa mtu binafsi, ule msamaha unakoma na kodi inatakiwa ilipwe. Usikubali maneno ya "hiyo ndogo, utamalizia mwenyewe". Dai uone kodi imelipwa, kadi imetoka TRA kwa namba za kawaida, na jina lililoko kwenye kadi ndilo la huyo anayepokea hela yako. Ya kwetu ilikuwa safi. Tukalipa milioni mbili na laki sita, tukahamisha umiliki, na salio tukalilinda kama mtoto mchanga, maana bado kulikuwa na kazi.

TUKAIFANYA YETU

Kazi ya kwanza ilikuwa siti. Hatukwenda gereji, tulikwenda kwa fundi makochi. Akatoa ngozi, akapunguza sponji sentimita tatu sehemu ya dereva, akashona upya. Mguu mmoja ukakanyaga chini wote, na wa pili vidole vyote. Kwa gharama ndogo kuliko kitenge, nikawa dereva.

Ya pili, matairi. Ilikuja na kashata kubwa za porini. Zinapendeza kwenye picha, lakini kwenye barabara ngumu sehemu inayogusa chini ni vile vichwa vya kashata tu. Ukipiga breki kwenye lami yenye maji, unateleza. Tena zinaunguruma na zinaisha haraka. Tukaweka za wastani, zenye kashata fupi zilizokaribiana na mstari wa katikati usiokatika. Kwenye matope mazito zinashindwa mapema, ndiyo. Lakini daftari lilikuwa limeshasema.

Ya tatu, sproketi. Pikipiki hizi hufungwa giya fupi ili zipande milima. Barabarani injini inalia bure. Fundi akaongeza jino moja tu kwenye sproketi ndogo ya mbele. Pale injini ilipokuwa inazunguka mara 100, sasa inazunguka kama 94 kwa mwendo uleule. Ni kidogo, lakini mikono iliisikia tofauti tulipofika lami ya Masasi. Na lita moja ya petroli ilitupeleka zaidi ya kilomita 35.

Ya nne, shokapu. Tukiwa wawili tunaikaza springi ya nyuma na kuongeza upepo kidogo kwenye tairi la nyuma. Usipofanya hivyo mbele inakuwa nyepesi, taa inamulika nyota badala ya barabara.

Ya tano, kofia ngumu mbili. Mbili, siyo moja na nusu. Nimeona wanandoa wengi ambao kofia nzima anavaa baba na ile yenye ufa anapewa mama. Mwenzangu alinunua yangu kwanza. Hakusema kitu, aliniletea tu, na mimi nikaelewa kuliko angeniletea maua.

WIKI YAKO, WIKI YANGU

Kisha tukaja kwenye ufunguo. Tulipanga hivi: mwenye pikipiki wiki hiyo ndiye anayesafiri Ijumaa, halafu anaiacha kwa mwenzake na kurudi kwa Noah. Wiki inayofuata zamu inageuka. Kwa hiyo kila mmoja anamfuata mwenzake. Mwanzoni watu walishangaa kuniona naingia Ruangwa na kofia yangu, vumbi jekundu hadi kope. Wanafunzi wake wakawa wanapiga kelele, "Mama mwalimu huyo!" Mwishowe walizoea. Na Namungo walipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, nikagundua kwamba zamu zangu za kwenda Ruangwa zilikuwa zinaangukia siku za mechi za nyumbani. Bahati ya ajabu, si ndiyo?

Februari ya mwaka huohuo, kabla ya mambo ya Namungo, ndipo lile jibu nililompa mama mkwe lilipokuja kunidai. Ilikuwa wiki yangu. Jumanne usiku mwalimu mwenzake akanipigia simu. Mume wangu ana homa kali siku ya pili, anatapika, na hospitali hataki kwenda, anasema itapoa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu jioni.

Saa 12 asubuhi niliondoka. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa shujaa, nilikuwa naogopa. Njiani lori lilikuwa limenasa limelala kando, na vijana wa bodaboda wamesimama wanapima pa kupita. Nikashusha giya hadi ya kwanza, nikatoa miguu yote miwili nje, nikawa natembea nayo kama mtu anayemwongoza ng'ombe. Mara mbili ilitaka kulala. Mara zote mbili mguu wangu ulikuta ardhi. Sentimita tatu za sponji, msomaji! Tairi zetu za wastani ziliteleza sana, na kashata kubwa zingepita vizuri zaidi, hilo nalisema wazi. Lakini kwa siti ile ndefu ya mwanzo ningekuwa nimelala chini ya pikipiki. Nilitumia zaidi ya saa mbili na nusu.

Nilimkuta anatetemeka. Hakubisha tena. Nikamkalisha nyuma, nikamwambia anishike kiuno, tukaenda hospitali taratibu. Malaria, tena nyingi. Alilazwa siku mbili akitundikiwa dripu. Muuguzi alisema asingefaa kukaa siku nyingine nyumbani.

Alipopata nafuu, maneno yake ya kwanza ya maana yalikuwa haya: "Mke wangu, kumbe siti ya nyuma ni ngumu namna hii? Mbona hujawahi kuniambia?"

Nilikuwa nimeshamwambia mara nne. Lakini alikuwa hajawahi kukaa. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa fundi makochi, akaongeza sponji upande wa abiria.

MNAPOKWENDA KUNUNUA

Leo mambo yanabadilika. Lami imejengwa kati ya Nanganga na Ruangwa, na kila ikisogea, zile kilomita za porini zinazidi kuwa chache kwenye daftari letu. Mtu akiniuliza leo anunue ipi, simtajii jina la pikipiki. Namwambia mambo haya.

Andikeni kilomita zenu za mwezi mmoja kabla ya kuingia dukani, mkitenganisha lami, udongo na porini. Kama porini haifiki hata kumi katika mia, msinunue urefu na kashata za porini. Nunueni starehe ya barabara, halafu siku ya porini mwende polepole.

Kama ni ya udongo na lami, silinda moja ya cc 125 hadi 150 inatosha watu wawili na begi. Gurudumu la mbele liwe la inchi 19 kama mnaweza, au 21 na matairi ya wastani. Kama ni lami tupu, acheni kiburi, 17 zinawatosha.

Tengeni pembeni fedha ya matairi, kofia mbili, bima na usajili. Bei ya dukani siyo bei ya pikipiki.

Ulizeni spea pale mnapoishi, siyo pale mnaponunulia. Kama kebo ya klachi lazima itoke Dar, basi pikipiki hiyo inaishi Dar.

Na mkifika, wote wawili mkalie mbele. Halafu wote wawili mkalie nyuma, barabarani, siyo dukani, angalau kilomita tano. Mkishuka kila mtu aseme kilichomuuma. Kama mmoja wenu hajawahi kukaa nyuma, hiyo pikipiki bado hamjaijua.